Binti yangu hajui natumia ARV, na daktari wa mgongo pia hajui

Barua

Mshauri, habari za kazi. Naomba usiandike jina langu wala mtaa ninaokaa.

Mimi ni mwanamke wa miaka 51, fundi cherehani, mjane, watoto wangu wote ni watu wazima. Maumivu yalianza kiunoni mwaka juzi, nikadhani ni kukaa sana. Baadaye yakashuka tako la kulia, yakapita nje ya paja na nje ya ugoko, mpaka juu ya unyayo kwenye kidole gumba. Nikikohoa au nikipiga chafya inanipiga kama shoti ya umeme. Usiku nageuka hadi asubuhi. Mguu wa kulia ndio ninaokanyagia pedali, siku hizi nashonea wa kushoto na nguo za wateja zinachelewa. Kuna jambo jingine, sijui kama lina maana: ndala ya mguu wa kulia inanivuka njiani bila mimi kujua, mpaka mtu aniite, "Mama, umeacha ndala!"

Vidonge nimemeza vya kila namna. Maumivu yakizidi naenda duka la dawa karibu na kibanda changu, wananichoma diclofenac na kunipa omeprazole ili tumbo lisiungue. Napata nafuu ya siku mbili, kisha yanarudi palepale.

Binti yangu mkubwa, ambaye ndiye anayenilipia kila kitu, alinipeleka hospitali. Nikapigwa MRI. Daktari wa mifupa akasema diski ya kati ya pingili za kiuno L4 na L5 imetokeza na inabana mshipa wa fahamu upande wa kulia. Akashauri nichomwe sindano za steroidi, dawa ya kupoza uvimbe, kwenye uti wa mgongo, tatu, kila baada ya wiki mbili. Dawa yenyewe alisema ni triamcinolone. Bima haihusiki, na binti ameshalipia ya kwanza. Tarehe ni mwezi ujao.

Kaka yangu amekataa katakata. Anasema kijijini kwao kuna mtu alichomwa sindano ya mgongo akapooza. Na mimi mtoto wa mwisho nilijifungua kwa upasuaji, nikachomwa sindano ya mgongo, na majirani wananiambia hapo ndipo mgongo wangu ulipoharibika. Sasa nichomwe tena?

Lakini linaloninyima usingizi zaidi ni hili. Nina virusi vya UKIMWI. Natumia dawa miaka mingi. Zile za kwanza ziligoma, nikabadilishiwa, sasa nameza vidonge viwili kila jioni pamoja na chakula. Vipimo vinasema virusi havionekani kwenye damu. Watoto wangu hawajui. Daktari wa mifupa aliponiuliza, "Una ugonjwa mwingine wowote?" binti alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Nikajibu sukari tu, kwa sababu sukari ninayo kweli, natumia metformin. Mdogo wangu, ambaye peke yake anajua siri yangu, anasema sindano ya mgongo haina uhusiano wowote na ARV, ninyamaze tu.

Mshauri, nichome au nisichome?

*Mama wa Cherehani*

Jibu

Dada yangu Mama wa Cherehani, pole sana kwa maumivu, na pole kwa kulibeba swali hili peke yako huku nyumba nzima ikiwa na maoni.

Nilivyoisoma barua yako, umeuliza kama sindano ni salama, lakini ndani yake kuna mambo matatu. Kuna hofu ya kupooza, ambayo imeletwa na kaka. Kuna siri ya dawa zako, inayokufanya ushindwe kumjibu daktari sawasawa. Na kuna ndala, ambayo umeitaja kwa kupita tu. Sitakuambia choma wala usichome, kwa sababu picha yako ya MRI sijaiona na mguu wako sijaushika. Ninachoweza ni kuyapanga mambo upya, ili ukikaa mbele ya daktari uwe unajua unauliza nini.

Naanza na ndala. Mshipa wa fahamu unaobanwa pale L4 na L5, kwa kawaida ule unaoitwa L5, ndio unaoinua kidole gumba na sehemu ya mbele ya mguu. Ndala ikivuka bila wewe kujua, inawezekana vidole havishiki na mguu hauinuki vizuri, yaani mshipa unapoteza nguvu mbali ya kuuma. Jipime leo: simama karibu na ukuta, tembea hatua chache kwa visigino, vidole vyote vikiwa juu. Kisha kaa, inua vidole gumba vyote viwili, mtu avikandamize chini kwa kidole chake. Ukiona wa kulia unashindwa na wa kushoto hauna shida, usisubiri mwezi ujao. Mwambie daktari wiki hii, kwa maneno hayohayo ya ndala. Sindano ya steroidi hutolewa kwa ajili ya maumivu. Nguvu iliyopotea hairudishi, na mguu unaozidi kulegea unaweza kubadilisha mazungumzo yote yakawa ya upasuaji. Na ikitokea mkojo umegoma kutoka au unatoka wenyewe, ganzi imeingia sehemu za siri na sehemu unayokalia, au miguu yote miwili imelegea, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa siri. Hapa lazima niseme wazi: mdogo wako anakupenda, lakini kwa hili amekosea. Chukua makopo ya dawa zako usome maandishi madogo. Vidonge viwili vya jioni na chakula, baada ya dawa za kwanza kushindwa, mara nyingi kimojawapo ni atazanavir iliyochanganywa na ritonavir. Wengine hupewa lopinavir na ritonavir. Ukiliona neno ritonavir, jambo hili linakuhusu moja kwa moja. Kazi ya ritonavir ni kuzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa, ili ile dawa nyingine ya virusi ikae mwilini kwa muda mrefu. Kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunja triamcinolone. Steroidi ambayo ingepungua taratibu na kuisha inabaki mwilini wiki nyingi, kwa kiwango cha juu. Wapo wagonjwa walioripotiwa kupata madhara makubwa baada ya sindano moja tu, ya mgongo au hata ya goti: uso unavimba na kuwa duara, mafuta yanajaa shingoni, ngozi inachanika mistari, misuli ya mapaja inaishiwa nguvu, sukari na presha vinapanda. Baadaye linakuja jingine. Tezi zilizo juu ya figo, zikiona steroidi imejaa, zinaacha kutengeneza ya kwao. Ile ya sindano ikiisha, mtu anabaki hana kitu: uchovu mzito, kutapika, presha kushuka, kizunguzungu akisimama. Hali hiyo huweza kudumu miezi.

Ukikuta dawa yako ni dolutegravir bila ritonavir, mgongano huu haupo, ingawa daktari bado anapaswa kujua.

Tafadhali usiache ARV ili "kuipisha" sindano. Najua wazo hilo linaweza kukujia. Dawa za kwanza zilishagoma, hizi huna ruhusa ya kuzichezea. Zipo njia nyingine, na madaktari wanazijua wakipewa taarifa. Wanaweza kubadili steroidi na kupunguza kipimo, ingawa zote zinaguswa na ritonavir kwa viwango tofauti. Wanaweza kuchoma dawa ya ganzi peke yake bila steroidi. Au kliniki ya CTC, hiyo unakochukulia ARV, iangalie kama mpangilio wako wa ARV unaweza kubadilishwa kwa usalama kabla ya sindano. Kila moja ina gharama yake, lakini hakuna inayoweza hata kuzungumzwa daktari akidhani una sukari tu.

Je, kumwambia daktari ni lazima kuwe ni kumwambia binti? Barua yako inayachukulia mambo haya mawili kuwa kitu kimoja, na nadhani hapo ndipo panapokubana bure. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008, inayotaka taarifa za hali yako zitunzwe kwa siri. Binti kulipa bili hakumpi haki ya kusikia kila kitu. Unaweza kwenda siku nyingine bila yeye. Unaweza kumwambia muuguzi mapokezini, "Naomba dakika tano na daktari peke yangu kabla mwanangu hajaingia." Ombi la namna hiyo wamelizoea, wala hawatakuuliza kwa nini. Au mwombe daktari wa CTC akuandikie barua ndani ya bahasha iliyofungwa, yenye majina ya dawa, wingi wa virusi na CD4 (kipimo cha kinga ya mwili), na swali moja: steroidi gani inafaa? Mimi ningependa zaidi njia ya barua, maana mtu ukiwa na maumivu na woga husahau nusu ya uliyotaka kusema. Ila waambie kwa mdomo kwamba watoto hawajui, ili daktari asije akaitaja ritonavir mbele ya binti akidhani anajua. Angalia pia yatakayoandikwa kwenye cheti utakachorudi nacho nyumbani.

Kuhusu binti kujua siku moja, hilo ni lako na wakati wake ni wako. Sindano haikulazimishi.

Nirudi kwa kaka. Hofu yake ina msingi, ila maneno "sindano ya mgongo" yanabeba vitu vingi. Ile ya upasuaji wa uzazi ni dawa ya ganzi inayoingizwa kwenye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu, na kazi yake inaisha baada ya saa chache. Mahali pa tundu huweza kuuma siku kadhaa. Tafiti hazijaonyesha kwamba inaacha maumivu ya mgongo ya miaka, na kwako MRI imekwisha kuonyesha diski inayobana. Kuna kutolewa maji ya mgongo kwa ajili ya kipimo, na hapo mara nyingi mgonjwa anakuwa tayari yuko hoi kwa homa ya uti wa mgongo, akifariki au akipooza lawama inaangukia sindano. Huyo wa kijijini hatujui alichomwa ipi, wala alikuwa na ugonjwa gani kabla. TB ya mgongo, kwa mfano, hupoozesha yenyewe.

Hii uliyoshauriwa inaitwa ya epidurali. Dawa inawekwa nje ya utando unaofunika maji na mishipa ya fahamu. Uti wenyewe, yaani ule uzi mnene wa fahamu ulio ndani ya mfupa, kwa mtu mzima huishia karibu na L1 au L2, kwa hiyo pale L4 na L5 sindano haikutani nao, inakutana na mizizi ya mishipa. Kupooza kumetokea, ni nadra sana, na sababu yake inajulikana kwa sehemu kubwa: dawa imeingia kwenye mshipa wa damu unaolisha uti. Triamcinolone na methylprednisolone ni za maji meupe kama maziwa kwa sababu zina chembechembe. Chembe hizo zikiingia kwenye ateri ndogo zinaiziba, na sehemu ya uti inakosa damu. Dexamethasone ni maji maangavu yasiyo na chembe. Aprili 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba sindano hizi, kwa nadra, zimeleta upofu, kiharusi, kupooza na vifo, na kwamba hakuna steroidi waliyoiidhinisha kwa kuchomwa eneo hilo. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa huko likapendekeza kwamba sindano inayopitia pembeni ya pingili, kwenye tundu unakotokea mshipa wa fahamu, ianze na dexamethasone. Karatasi ya maelezo ya Kenalog, ambayo ni triamcinolone, inasema waziwazi isichomwe epidurali. Madaktari wengi bado wanaitumia, hasa kwa njia ya katikati ya mgongo ambako hatari ya ateri ni ndogo zaidi. Lakini kwako wewe, mwenye sukari na pengine ritonavir, jina hilo la dawa linastahili kuulizwa mara mbili.

Uliza pia inapitia wapi na wanaonaje. Inavyopaswa kwenda ni hivi: unalala kifudifudi, mto chini ya tumbo. Ngozi inasafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu na kuachwa ikauke. Unachomwa lidocaine ya ganzi kwenye ngozi, hapo ndipo panapowasha. Kisha sindano ndefu inaongozwa kwa eksirei inayoonyesha picha papo hapo, mashine wanayoiita C-arm. Kabla ya steroidi, daktari anaingiza mililita moja au mbili za dawa ya rangi na kuangalia kwenye skrini inasambaa wapi. Ikitiririka na kupotea haraka, iko kwenye mshipa wa damu, anasogeza sindano. Ikikaa na kuufuata mshipa wa fahamu, anaendelea. Dawa yenyewe ni mililita chache, inasukumwa polepole, na ukisikia shoti kali mguuni unasema hapohapo, usivumilie kishujaa. Ndiyo sababu hawakulazi usingizi. Wakichoma kwa kupapasa tu, hata mikono mizoefu hukosa nafasi. Tafiti za zamani ziliona ni karibu robo ya mara. Ukiuliza, "Mnatumia C-arm na dawa ya rangi?" jibu likawa hapana, nadhani una haki ya kutafuta maoni ya pili.

Hatari nyingine ndogo ni utando kutobolewa kwa bahati mbaya. Dalili yake ni kichwa kinachouma vibaya ukiketi au ukisimama na kutulia ukilala. Kinatibika. Uambukizo ni nadra, lakini ukiingia hapo ni mbaya. Mwaka 2012 huko Marekani chupa za methylprednisolone zilizochafuliwa na fangasi katika kiwanda kidogo cha kuchanganya dawa cha Massachusetts ziliwafanya watu 753 katika majimbo 20 waugue, na 64 walifariki kwa hesabu ya CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa. Sindano zilichomwa vizuri, uchafu ulikuwa ndani ya chupa. Kwa hiyo omba chupa mpya ifunguliwe mbele yako na isiwe ya kugawana wagonjwa. Na kwa hali yako daktari ahakikishe MRI haina dalili ya TB, akuulize kuhusu homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Steroidi kwenye mgongo wenye TB ni balaa.

Sasa, ukiyapita yote hayo, unanunua nini? Hapa matarajio ya watu huwa makubwa kuliko dawa. Steroidi hairudishi diski ndani. Inapoza uvimbe unaozunguka mshipa. Nafuu, ikija, huanza ndani ya siku chache hadi wiki, na hudumu wiki kadhaa, kwa baadhi miezi mitatu. Uchambuzi wa 2020 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, ulikuta kwamba kwa siatika (maumivu ya mshipa wa fahamu yanayoshuka mguuni) kama yako maumivu ya mguu yalipungua zaidi ya sindano bandia kwa takriban alama 5 kwenye kipimo cha 100. Ni wastani, wapo waliopata kubwa, wapo waliokosa kabisa. Wataalamu wenyewe hawakubaliani. Mwongozo wa Uingereza wa 2016 unasema ifikiriwe kwa siatika kali ya karibuni. Mwongozo uliotoka kwenye jarida la tiba la BMJ mwaka 2025 unapinga kwa nguvu kwa maumivu yaliyozidi miezi mitatu, na yako yameshapita huko. Chama cha madaktari wa neva cha Marekani, mwaka huohuo, kiliona kuna nafuu ya wastani ya muda mfupi kwa mshipa uliobanwa. Daktari wako hajatoka nje ya mstari, lakini hajakupa kitu kisicho na mjadala.

Ile ya kupangiwa tatu mapema ndiyo inayonitia shaka. Hakuna sababu nzuri ya kuchoma ya pili kabla ya kujua ya kwanza imefanya nini. Kama haikusaidia, ya pili kwa njia ileile haina tumaini kubwa. Kama imesaidia na bado unaendelea vizuri, ya pili ya nini? Na kila dozi inaongeza steroidi juu ya ile ambayo bado haijaisha. Mweleze binti hilo kabla hajalipia nyingine.

Sukari nayo itapanda, hata bila ritonavir. Huanza siku ileile au ya pili na huweza kukaa juu wiki moja, wakati mwingine mbili. Pima HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, kabla ya sindano. Ikiwa juu sana wengi huahirisha. Baada ya sindano pima asubuhi kabla ya kula na jioni kabla ya chakula. Ikizidi 15 mmol/L mara mbili mfululizo, au kiu na mkojo vikizidi, rudi hospitali. Siku ya sindano usirudi kwa bodaboda, mguu unaweza kuwa na ganzi saa kadhaa. Maumivu kuongezeka siku mbili tatu ni kawaida. Yasiyo ya kawaida ni homa, mgongo unaouma zaidi kila siku, au miguu kulegea saa chache baadaye, ambayo huweza kuwa damu iliyovujia ndani. Kwa sababu hiyo, kama unameza aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, itaje mapema, na usiiache mwenyewe.

Kuna jambo la duka la dawa ambalo hukuuliza. Kwenye vidonge vyako kuna uwezekano mkubwa wa tenofovir, ambayo inahitaji figo nzima. Diclofenac ya mara kwa mara juu ya tenofovir, kwa mtu mwenye sukari, ni njia ya kuziumiza figo. Omba kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Na ile omeprazole ya kulinda tumbo hupunguza atazanavir inayoingia mwilini, kwa sababu atazanavir inahitaji asidi ya tumbo. Mwambie daktari wa CTC uliipata lini na kiasi gani. Pia baadhi ya "sindano za maumivu" za mitaani huchanganywa na dexamethasone bila mgonjwa kuambiwa. Kwa uwazi kabisa, naona hatari usiyoijua iko zaidi dukani pale kuliko hospitalini.

Usipochoma, haimaanishi kukaa na kuuma meno. Diski iliyotokeza mara nyingi husinyaa yenyewe kwa miezi, ingawa ya kwako imechelewa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kukujaribishia kulala kifudifudi ukiegemea viwiko: maumivu yakitoka mguuni na kupanda kiunoni, ni dalili njema, endelea, yakishuka zaidi mguuni, acha. Kibandani inuka kila dakika 20, nyanyua kiti ili nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, na ulizia bei ya mota ya cherehani, mguu wa kulia upumzike kukanyaga. Hatari ya njia hii ni muda, hasa kama ndala inamaanisha ninachohofia. Upasuaji wa kutoa kipande cha diski huondoa maumivu ya mguu haraka zaidi kwa wengi, lakini ni upasuaji, una ganzi yake, kidonda chake, sukari yako, na diski kwa baadhi hutokeza tena. Sindano inaweza kukununulia wiki za kufanya mazoezi bila kulia. Kwa wengine hiyo inatosha kabisa kuwa sababu ya kuichoma.

Hela iliyolipwa isikusukume. Hospitali huweza kusogeza tarehe, na "daktari anataka vipimo vya sukari na figo kwanza" ni sababu ya kweli ambayo unaweza kumpa binti bila kudanganya na bila kutoboa siri.

Wiki hii basi: jaribio la visigino, majina yaliyo kwenye makopo, na barua ya CTC. Ukishasoma makopo, niandikie majina ya dawa kama yalivyo, bila jina lako, pamoja na jibu la daktari kuhusu C-arm. Tutaendelea kutoka hapo.